Msimu Niliovunja Fainali

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimeitwa mbuzi, kipofu na mchawi, na mwanamume mmoja mwenye mvi hadi kifuani amenishauri nirudi nyumbani nikaoshe vyombo. Hiyo ndiyo mechi yangu ya kwanza ya ligi ya wanaume. Gereji na Posta, sare ya bao moja kwa moja.

Sikukosea. Naandika tena kwa herufi kubwa: SIKUKOSEA. Penalti ilikuwa penalti. Kadi ilikuwa kadi. Sheria zote kumi na saba ziko kichwani mwangu, niamshe usingizini nitakusomea ile ya kuotea bila kujikwaa. Na bado mechi iliisha kwa ngumi. Nahodha wa Gereji, fundi bodi mmoja mwenye mabega ya kabati, wanamwita Spana, alishikana mashati na mshambuliaji wa Posta kwenye kona ya mwisho, na kabla sijafika watu kumi walikuwa wanagaragara kwenye tope.

Nilipotoka, Mkufunzi alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwavuli. Huyu ni mama wa rika la mama yangu, refa mstaafu, mwanamke wa kwanza kupuliza kipenga katika ligi hii. Ndiye anayetupima sisi wanafunzi wawili, mimi na yule kijana tunayemwita Mtanashati. Mwisho wa msimu kamati itampandisha mmoja kwenda daraja la pili. Mmoja tu.

Nikasimama mbele yake nikitiririka maji. Nilitegemea angalau pole.

"Ulichelewa," akasema. Akafunga mwavuli, akaenda zake.

Ulichelewa! Neno moja!

Mama mdogo, ambaye naishi kwake na kufanya kazi kwenye duka lake la kufua na kupiga pasi, amenisikiliza nikibwata hadi akachoka. "Mwanangu, ukiendelea kuifokea hiyo pasi utaunguza suti ya mtu. Chukua daftari, fokea karatasi." Ndiyo haya.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimekimbia kabla ya kazi. Kama tatizo ni miguu, miguu tutaitengeneza.

Jumamosi, 9 Machi

Soko na Kiwanda, mbili bila. Nimekimbia hadi mapafu yakataka kutoka. Tope linavuta kiatu kama lina mikono.

"Ulichelewa."

"Wapi, Mkufunzi? Dakika ya ngapi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama dirisha la duka lililofungwa. Akaondoka.

Jumapili, 10 Machi

Nimechukia siku nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimetukanwa na damu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewapa Posta faulo nje kidogo ya boksi, kelele zikapanda, na katikati ya zile kelele nikasikia sauti ninayoijua tangu nikiwa natambaa: "Refa, nunua miwani!" Nikageuka. Kaka yangu. Tumbo moja, ziwa moja. Amekunja suruali, yuko kwenye dimbwi, anarukaruka.

Mkufunzi: "Ulichelewa."

Jumapili, 17 Machi

Kaka amekuja kula kwa mama mdogo kama kawaida ya Jumapili, na hakuonyesha hata haya.

"Kaka, jana ulinitukana mbele ya watu."

"Mimi? Nilimtukana refa."

"Refa ni nani?"

"Uwanjani wewe si dada yangu. Uwanjani wewe ni refa, na refa ni wa kutukanwa. Nipitishie maji."

Mama mdogo akacheka hadi akapaliwa. Mimi nilipitisha maji. Nilitamani kuyapitisha juu ya kichwa chake.

Jumamosi, 23 Machi

Uwanja umegeuka bwawa. Hakuna mechi.

Jumamosi, 30 Machi

Sasa huu ni uonevu. Mwezi mzima nimekimbia, kilima cha nyuma ya stendi kinanijua kwa jina. Leo kila tukio nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mpira. Hatua mbili! Ningeinama kidogo ningeulamba. Hata hivyo dakika za mwisho beki wa Kiwanda akampiga mtu kiwiko upande wa pili wa uwanja, mbali kabisa na mpira, na kikawaka.

"Ulichelewa," akasema Mkufunzi.

Nikamjibu. Sikuwahi kumjibu mtu wa umri ule. Nikasema, "Mkufunzi, nilikuwa karibu kuukanyaga mpira."

"Niliona."

"Sasa nilichelewaje?"

Anafuta miwani kwa pindo la kanga, taratibu, kana kwamba nimemuuliza hali ya hewa. Mtanashati yuko pembeni anafunga kamba za viatu vyake vyeupe. Vyeupe! Katika tope hili! Kwake yeye Mkufunzi hana neno, si zuri si baya. Mechi zake zinakwisha salama, watu wanashikana mikono na kwenda nyumbani, na sheria ya kurusha mpira haijui vizuri. Nimemsikia kwa masikio yangu akiikosea.

Nani anaweza kunieleza hili?

Jumatatu, 8 Aprili

Mtanashati ameleta jezi zake za urefa kwetu zipigwe pasi. Soksi pia. Anataka soksi zipigwe pasi. Nimezipokea kwa vidole viwili. Mama mdogo anasema ni kijana mwenye adabu na ana meno mazuri.

Jumamosi, 13 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Gereji na Kiwanda. Kipindi cha kwanza shwari. Kipindi cha pili nikaona Spana na winga wa Kiwanda wanatupiana maneno, nikajiambia, maneno hayavunji mfupa, fuata mpira. Nikaufuata. Nikiwa nimeukodolea macho kule kwenye goli lingine, nyuma yangu nikasikia ukelele. Kugeuka, winga yuko chini, mdomo umejaa damu, jino liko kwenye tope. Hakuna aliyejua nani kapiga. Mshika kibendera hakuona. Mimi sikuona. Nitampa nani kadi? Nikapuliza kipenga kama mwendawazimu, wakanizingira, mtu akanirushia chupa ya maji ikanipata sikioni. Spana akaniinamia na kunitukania mama. Mama yangu yuko kaburini mwaka wa nne.

Nikamwonyesha nyekundu. Kwa matusi, si kwa jino. Hata alipokuwa anatoka nilijua kwamba kadi ile imekuja baada ya kila kitu.

Mkufunzi hakungoja hata nitoke uwanjani. Alinikuta kwenye mstari. "Ulichelewa." Sauti ileile. Sikioni kwangu damu inatiririka na yeye ananiambia neno lake lilelile.

Nimeamua kuacha. Nimemwambia mama mdogo. Akasema, "Sawa." Baadaye kidogo akasema, "Ila uache kwa sababu umechoka. Usiache kwa sababu yule mama hana ulimi."

Jumatano, 17 Aprili

Lazima niandike hili polepole.

Mtanashati alikuja kuchukua jezi. Mvua ikambana dukani. Mama mdogo akampa kigoda akae, mimi nikaendelea na pasi, nilikuwa kwenye shati lake la mwisho. Akauliza sikio linaendeleaje. Nikasema linasikia upuuzi vizuri tu. Akacheka. Kisha, kwa wema kabisa, bila nia yoyote mbaya, akasema:

"Dada, siku ile ulikuwa unautazama mpira."

"Nitazame nini, mawingu?"

"Hapana, si ndilo lile somo la waliopoteza mpira? Mpira ukishaondoka unautupia jicho tu. Macho yako yanabaki kwa waliokuwa nao, maana ndiko rafu inakoanzia. Aliyenyang'anywa, aliyekanyagwa, anayetaka kulipiza. Unakwenda kusimama karibu naye kabla hajalipiza. Si ndiyo kuwahi?"

Nikamuuliza kajuaje.

"Mzee wa kamati aliniambia. Ile wiki ya kwanza kabisa, tukiwa kwenye gari lake. Si huwa wananipa lifti baada ya mechi? Tunapita mahali tunakunywa soda, wanazichambua mechi zote. Nani alisimama wapi, nani alitakiwa kusimama wapi. Wewe huwa huji."

"Sijawahi kuitwa."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza alilifikiria jambo hilo. "Labda waliona... wewe ni mwanamke, na kule ni baa..."

Wiki ya kwanza. Ndani ya gari. Na soda mkononi! Mimi nimepanda kilima kwenye mvua mwezi mzima na nusu kutafuta kitu ambacho yeye alipewa akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, dirisha limefungwa, redio inaimba. Nilikuwa nikimwona mjinga mwenye bahati. Hana bahati yoyote. Ana watu wanaozungumza naye.

Tukasikia harufu. Pasi ilikuwa imekaa kwenye kola ya shati lake, imeacha alama ya kahawia yenye umbo la mtumbwi. Mama mdogo akatoka mbio nyuma ya pazia akipiga yowe. Mtanashati akasema haidhuru, kola haionekani. Inaonekana sana.

Jumamosi, 20 Aprili

Soko na Gereji, na Spana yumo, amelipa faini badala ya kufungiwa. Sikuacha. Nilitaka kujua kama ni kweli.

Ni kweli.

Mpira ukienda, naupa jicho la pembeni kisha narudi kwa mtu. Ni kama kuzima redio ukasikia majirani. Uwanja mzima unazungumza! Huyu anachechemea na anamtafuta aliyemkanyaga. Yule anavuta jezi kila ninapomgeuzia mgongo. Dakika ya ishirini hivi nikaona namba tisa wa Soko, mpakia mizigo mmoja mwembamba kama waya, anamchokoza Spana kwa makusudi. Anamgusa kisigino, anamnong'oneza, anacheka. Spana shingo imeanza kuvimba. Mpira uko mbali. Nikatembea, wala sikukimbia, nikajiweka katikati yao.

"Spana," nikasema bila kumtazama, "namba tisa anataka utoke uwanjani. Utampa?"

Akashusha pumzi kupitia puani kama farasi. "Simpi."

"Na wewe tisa, nimekuona. Ukimgusa tena nakuandika."

Basi. Hakuna kilichotokea. Mechi nzima hakuna kilichotokea, hadi watazamaji wakalalamika kwamba imepooza. Hakuna aliyenishangilia, mtu atashangilia nini? Ngumi ambayo haikurushwa haionekani.

Nilipotoka Mkufunzi alifunga mwavuli wake na kuondoka bila kusema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yangu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kwake. Anaishi peke yake vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akakaa akifinya goti lake bovu. Sikugusa chai.

"Ulijua tangu mechi ya kwanza kosa langu liko wapi," nikasema.

"Nilijua."

"Sentensi moja tu. Tazama wasio na mpira. Ungenipa sentensi moja, yule winga angekuwa na jino lake."

"Ningekwambia, ungekariri. Wewe ni mtu wa kukariri. Ungeipanga na sheria zako kumi na saba, ya kumi na nane."

"Mtanashati aliambiwa, ndani ya gari la Mzee wa kamati. Hajakariri. Anafanya."

Hapo alikunja uso. Kumbe hilo la gari hakulijua. Au alilijua na hakupenda kulisikia.

"Mimi hakuna aliyeniambia kitu," akasema. "Miaka ishirini. Nimevunjwa goti hili, nimemwagiwa mkojo kutoka kwenye chupa, nimejifunza kila kitu kwa ngozi yangu mwenyewe. Nikawa hodari kuliko wote. Hodari halishwi kwa kijiko, mwanangu."

"Ulikuwa hodari hata kama hawakukulisha. Si kwa sababu hawakukulisha."

Akatazama dirishani. Nje mvua ilikuwa inapiga bango la duka, puu, puu.

"Ungekuwa umeambiwa," nikasema, "miaka ishirini ingekuwa mitano. Hiyo mingine kumi na mitano nani amekurudishia? Na sasa unataka na mimi nilipe ileile?"

Nikasimama, nikaaga kwa adabu, kwaheri na kila kitu, maana sikulelewa vichakani. Lakini kwenye ngazi nilikuwa nalia, na haikuwa huzuni. Nilitamani kurusha kitu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Jezi za Mtanashati tena. Nimempigia pasi vizuri. Nimemuuliza kuhusu ukuta wa mpira wa adhabu, refa asimame upande gani. Akanieleza yote aliyoambiwa, akachora kwa chaki kwenye meza ya pasi. Mama mdogo akafuta akilalamika. Mimi nikamsahihisha ile sheria ya kurusha. Alishtuka: mwaka mzima ameikosea.

Jumamosi, 4 Mei

Nimepewa fainali! Gereji na Soko, Jumamosi ijayo.

Nilikaa na furaha hiyo kwa muda wa kutembea kutoka ofisi ya kamati hadi getini. Hapo nikamsikia Mzee wa kamati akimweleza mtu kwenye simu: "Mgeni rasmi ni mama, kwa hiyo tumeweka refa mwanamke, picha zitapendeza." Kisha akacheka. "Si kitu, Mtanashati tutamweka pembeni ashike kibendera, mambo yakiharibika yupo."

Mambo yakiharibika yupo.

Sawa. Nitapendeza.

Jumamosi, 11 Mei

Nimevunja fainali. Ndiyo hivyo. Sasa nieleze.

Watu walijaa hadi nyuma ya magoli, kila mtu na mwavuli wake. Jukwaa la mabati limefungwa kwa vitambaa, mgeni rasmi katikati, Mzee wa kamati kulia kwake, Mkufunzi kushoto kama kamisaa wa mechi. Mawingu meusi tangu mchana. Uwanja wetu uko wazi, hauna nyumba karibu, na vitu virefu kuliko vyote pale ni magoli ya chuma.

Mechi ilikwenda vizuri. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelikumbuka. Nilikuwa na wachezaji wote ishirini na wawili kiganjani. Tisa wa Soko alijaribu uchokozi wake mara mbili, akanikuta nimeshasimama, akakata tamaa akaanza kucheza mpira, na kumbe anajua. Gereji wakafunga kipindi cha pili, kichwa cha Spana, kona. Goli safi. Nilisikia kaka yangu akipiga mayowe ya furaha.

Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, umeme ukapiga. Ngurumo ikafuata, lakini kwa mbali. Nikaendelea, sikio moja likiwa angani. Wa pili ulikuja na ngurumo yake karibu zaidi. Wa tatu ulimulika uwanja mzima ukawa mweupe kama karatasi, na kabla sijameza mate, mlio. Ardhi ikatikisika chini ya viatu vyangu.

Nikapuliza. Nikasimamisha mchezo.

Nikatazama jukwaani. Mzee wa kamati alikuwa amesimama, anatikisa kichwa, anaonyesha saa yake, kisha anamwonyesha mgeni. Sikumjali yule. Nilimtafuta Mkufunzi. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Akainua mkono wake hadi usawa wa kifua, pale ambapo mgeni hawezi kuuona, na kuzungusha kidole. Endelea.

Yeye. Aliyeniambia mwezi na nusu kwamba nachelewa.

Mtanashati akaja mbio kutoka kwenye mstari na kibendera chake. "Dada, dakika kumi tu. Wanasema tumalize."

"Wewe unasemaje?"

Akatazama juu. Midomo ilikuwa imemkauka. "Mimi naogopa."

"Basi weka hicho kibendera chini."

Akakitupa, akasimama nyuma yangu.

Nikawaita manahodha. Nikawaambia watoe timu zao, kila mtu aende kwenye majengo ya shule kule ng'ambo ya barabara, na watu waondoke nyuma ya magoli. Nahodha wa Soko aligeuka mara moja, alikuwa anafungwa, kwake ilikuwa neema. Spana hakuondoka. Alisimama mbele yangu, maji yanamtiririka usoni, na sijui kama yote yalikuwa ya mvua.

"Dada, kumi. Dakika kumi! Miaka sita nalitafuta kombe hili. Magoti yangu yamekwisha, hakuna mwaka mwingine kwangu."

"Toa watu wako, Spana."

"Nitakuchukia hadi nife."

"Nichukie ukiwa chini ya paa."

Nadhani angenipiga. Lakini umeme ukapiga wa nne, na yule mtu mwenye mabega ya kabati akainama kama mtoto, na akiwa bado ameinama akageuka akawapigia wenzake kelele: "Tokeni! Tokeni nyote!"

Watu walitoka wakinitupia tope. Viti vya plastiki vikaruka. Nilibaki katikati hadi nikaona wa nyuma ya magoli wote wameondoka, ndipo nikakimbia na mimi.

Na sasa sehemu inayonitia wazimu. Radi haikupiga uwanjani. Haikupiga popote. Mvua ikamwagika, uwanja ukawa ziwa, mgeni rasmi akapanda gari akaenda zake, nikatangaza mechi imevunjika. Halafu, kabla sijamaliza kuvua soksi, jua likatoka. Jua! Anga la bluu, ndege wanaimba, na watu wamejaa mlangoni mwa chumba cha marefa wakipiga mabati: "Radi iko wapi? Tuonyeshe radi!"

Jumapili, 12 Mei

Kaka alikuja kula. Nilimsubiri, nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu yote, makali.

Akamaliza sahani. Akasema, "Nilikuwa nyuma ya goli, nimembeba mwanangu mdogo mabegani. Ndiye aliyeshika mwavuli."

Akaosha vyombo vyote, hata vya mama mdogo.

Jumatano, 15 Mei

Mechi imerudiwa kuanzia mwanzo. Refa, Mtanashati. Soko mbili, Gereji moja. Sikwenda. Nimesikia mtaa ukilipuka.

Alhamisi, 16 Mei

Jina langu jipya ni Mama Radi. Wateja wanaingia dukani: "Mama Radi, suruali yangu iko tayari?" Mama mdogo alicheka siku ya kwanza. Leo amemfukuza mteja kwa pasi mkononi.

Jumatano, 22 Mei

Kamati imempandisha Mtanashati. Mimi, "arudie mwaka, apate ukomavu wa kusimamia mechi kubwa".

Alikuja mwenyewe kuniambia, kabla sijasikia kwa wengine. Hilo nampa. Akasema, "Wewe ni bora kuliko mimi, na wao wanajua."

"Waambie basi."

Akatazama viatu vyake vyeupe. "Dada, unajua siwezi."

"Najua." Na kweli najua. Akifungua mdomo hatapewa tena nafasi kwenye gari. Simchukii, nimejaribu leo mchana kutwa nikashindwa. Nalichukia gari.

Ijumaa, 24 Mei

Mkufunzi amekuja dukani. Amepanda ngazi zetu tatu kwa shida na goti lile. Mama mdogo akampa kiti na kujifanya ana kazi nyuma ya pazia, ambako pasi ilikuwa kimya kabisa.

"Waliniuliza kuhusu fainali," akasema. "Nikasema ulifuata sheria."

"Asante."

"Sikuwaambia kwamba nilikuonyesha uendelee. Wanasema uligombana na jukwaa zima kwa kiburi chako. Ningesema kwamba kamisaa mwenyewe alikosea, mambo yangekuwa mengine."

"Kwa nini hukusema?"

Alifinya goti lake. "Miaka ishirini sikusimamisha mechi hata moja. Mvua, radi, mawe. Niliogopa nikisimamisha mara moja watasema mwanamke hawezi, na sitapewa nyingine. Pale jukwaani mkono ulipanda wenyewe. Nilipokuona umekataa, nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia kidogo."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lile neno lake moja alilonipiga nalo msimu mzima. Nikalimeza. Si kwa huruma. Angelipenda. Angeliona ni ushahidi kwamba amenifundisha.

Badala yake nikamwambia, "Nenda kawaambie."

"Uamuzi umeshatoka."

"Nenda hivyo hivyo."

Aliinuka. Sijui kama atakwenda. Nilimshika mkono kumsaidia kushuka ngazi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hasira yangu haikupungua hata tone kwa sababu hiyo. Lakini nilijua kitu ambacho sikukijua asubuhi: pale uwanjani nilikuwa nimempita, na hakuna mtu wa kumwambia isipokuwa yeye, na yeye anajua.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua zimeisha. Vumbi limeanza.

Spana ameingia dukani na furushi la ovaroli zilizoganda grisi. Nikashika pasi vizuri. Mama mdogo akasogea karibu na ufagio.

"Hizi zina grisi," akasema.

"Naona."

Hakuondoka. Akajikuna shingo. "Jumamosi ijayo tunacheza na Soko tena. Hakuna kombe, hakuna kamati. Ubishi tu, wanatutambia mtaani hatulali. Tumeelewana kila kitu isipokuwa refa. Wao walimtaja mtu wao, tukakataa. Sisi tukamtaja wetu, wakakataa. Halafu mtu akakutaja wewe."

"Wakasemaje?"

"Kwanza walitukana. Na sisi tukatukana."

"Halafu?"

"Halafu hakuna aliyekataa."

Nikamalizia mkono wa shati. Sikuwa na haraka. "Ulinitukania mama yangu, Spana. Mama yangu amekufa."

Akainamisha kichwa. "Sikujua. Kwa hilo nisamehe, dada. Kwa mengine siwezi kukudanganya. Tutakutukana tena."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mistari ipigwe chokaa. Nyavu zishonwe. Na wa kwanza kunifokea usoni anatoka."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Alicheka, kicheko cha kutikisa vioo. Mimi sikucheka. Nikamwandikia risiti ya ovaroli nne, nikamwambia azifuate Alhamisi.